Sura ya Tomaso, Maneno ya Nani?

Wiki nzima mmeniuliza yule mwanamke aliyefungua geti na ungo mkononi ni nani. Basi tusichelewe. Anaitwa Happy, na ni mke wa Daktari.

Au niseme hivi: ni mke wa mwenye sura ya Daktari. Hayo ni mambo mawili tofauti, ila Waisiko alikuwa bado hajayajua. Alikuwa amesimama pale Robanda, vumbi la bodaboda kutoka Mugumu limemjaa mpaka kwenye kope, mkoba begani, na mkononi mfuko wenye shati alilomshonea mchumba.

Kwa anayeanza kutusoma leo: Waisiko ni wakala wa forodha kule Sirari, mpakani na Kenya, mjane wa makamo, mwanamke ambaye madereva wa malori wakimwona kwa mbali wanaanza kunyoosha kola. Dereva akimletea nakala badala ya karatasi halisi, anamrudisha bila kumtazama usoni. Lakini kwa mwanaume, Waisiko aliridhika na picha tu. Tangu mavuno yaliyopita anaandikiana mtandaoni na Daktari Emanueli, daktari wa wanyamapori, mzaliwa wa Robanda, na hajawahi kumtia machoni. Leo ameamua kumshtukiza nyumbani.

"Namtafuta Daktari," alisema. "Mwambie mchumba wake amefika."

Happy aliuweka ungo chini taratibu.

"Daktari yupi?"

Waisiko alitoa simu akamwonyesha picha. Mwanaume mwenye miwani ya jua, kifua mbele, nyuma yake ndege ndogo nyeupe. Happy aliitazama. Akaikuza kwa vidole, akaitazama tena. Kisha akageukia nyumba.

"Baba Lilian, hebu toka. Kuna mchumba wako hapa."

Akatoka mwanaume mfupi, aproni kiunoni, kitunguu kilichomenywa nusu mkononi. Sura ilikuwa yenyewe kabisa: paji lile, kovu dogo lile juu ya nyusi, tabasamu lile lililomkosesha Waisiko usingizi. Mwanaume alimwona mama mwenye heshima zake amesimama getini, akafuta mikono haraka na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Waisiko alikuwa amejiandaa kwa kila kitu. Kwamba mchumba atalia, atamkumbatia, atapoteza fahamu. Shikamoo hakuiandaa.

"Marahaba," alijibu, maana adabu ni adabu hata dunia inapokugeuka.

Dakika chache baadaye walikuwa wamekaa jikoni kwa Happy, watatu, simu ya Waisiko katikati juu ya meza kama mgonjwa.

"Ndege hii naijua," alisema Tomaso, maana ndilo jina lake halisi. Yeye ni mpishi katika kambi moja ya watalii, na siku hiyo alikuwa mapumzikoni. "Nilitumwa uwanjani Seronera kupeleka maboksi ya chakula cha abiria. Mgeni mmoja mama akasema nisimame hapo, akanivalisha miwani yake, akapiga picha. Alisema ataiweka mtandaoni."

"Maboksi yako wapi?" aliuliza Happy.

"Yamekatwa."

"Na miguu je?"

Tomaso aliangalia chini. "Nilikuwa nimevaa ndala."

Happy hakucheka, bado. Alinyoosha mkono, akaomba kuona ujumbe wa Daktari, ambao Waisiko aliuhifadhi kwa picha kwenye simu, na Waisiko akampa, kwa sababu alikuwa hana tena nguvu ya kukataa chochote. Happy alisoma kimya, midomo ikicheza. Akafika mahali akasoma kwa sauti.

"'Nuru ya macho yangu, leo nimewaona swala wawili wamesimama pamoja kwenye mvua nikatukumbuka mimi na wewe.'" Aliinua uso kumtazama mumewe. "Hii wewe unaweza?"

"Mimi?" alisema Tomaso.

"Dada, huyu si Tomaso. Tangu anioe ameniandikia mara nyingi, na kila mara ni 'Leta mkaa.' Ningekuwa na wasiwasi kama angekuwa amekuandikia habari za mkaa." Akashusha pumzi. "Mwizi ameitumia sura hii vizuri kuliko mwenyewe."

Sasa ndipo alipocheka, na Tomaso akacheka kidogo kwa tahadhari. Waisiko hakucheka. Alikuwa ameushika ule mfuko wa shati mapajani kwa mikono yote miwili.

Wifi yake, Bernadetha, dada wa marehemu mume wake, alimwonya mapema. Alisema mtu asiyepiga picha miguu na asiyekubali simu ya video ni mtu wa kuuliziwa. Waisiko alimjibu maneno makali, na hawajasemezana vizuri tangu siku hiyo. Lakini Bernadetha ana mume nyumbani. Hajui jioni za nyumba yenye mtu mmoja. Daktari hakumpata Waisiko kwa nuru ya macho wala kwa swala. Alimpata kwa neno moja, kila jioni bila kukosa: "Umekula?" Tangu mume wake azikwe hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hivyo.

"Umekula?" aliuliza Happy.

Waisiko alishtuka kama aliyemwagiwa maji.

"Nauliza kama umekula, maana ugali upo."

Kabla hajajibu, simu iliita pale mezani. Jina lilijiandika kwenye kioo: Daktari Wangu.

Wote watatu waliitazama. Kisha Happy alivuta kigoda karibu, macho yanang'aa.

"Pokea. Weka spika. Usimwambie uko wapi."

"Nuru yangu," ilisema sauti nzito, tamu, sauti ambayo haikufanana na ya Tomaso hata kidogo. "Nimekukumbuka. Uko wapi?"

"Niko kazini," alisema Waisiko. "Na wewe?"

"Niko porini. Nimemlaza faru kwa sindano ya usingizi, namwangalia mapigo ya moyo."

Mbele ya Waisiko, sura ya Daktari ilikuwa inatafuna kipande cha ugali.

Happy alimnong'oneza: "Muulize faru analala upande gani."

"Faru amelala upande gani, mpenzi?"

"Wa kulia."

Tomaso alimeza na kutikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu anayemwonea faru huruma.

Jambo likaanza kuwa tamu. Waisiko alihisi kitu kigumu kikiyeyuka kifuani, na mahali pake kikaingia kile kinachomjia mpakani akishika lori lenye mzigo wa uongo. Alimwambia Daktari kwamba ofisini kwake kuna mzee wa Robanda amekuja kwa shughuli zake, anataka kumsalimia mtoto wa nyumbani. Tomaso alisogea, akakohoa kizee, na kumwaga Kiikoma, lugha ya wenyeji wa Robanda, salamu ndefu na swali la kwamba yeye ni mtoto wa nani na wa ukoo gani.

"Haloo?" ilisema simu. "Mzee, mtandao unakatika. Haloo?"

"Unanisikia, Daktari?" aliuliza Waisiko kwa Kiswahili.

"Sasa nakusikia vizuri kabisa, nuru yangu."

Tomaso akajaribu tena. Mtandao ukakatika tena. Ajabu ya mtandao ule ni kwamba ulikuwa unakataa Kiikoma peke yake.

Happy alikuwa amejifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika. Waisiko akaaga, lakini Daktari akamzuia.

"Usikate. Niambie umevaa nini leo."

Akamwambia. Akataka kuaga.

"Usikate bado. Nisimulie tena ile habari ya dereva aliyekuletea nakala."

Ndani ya spika kulikuwa na mlio mdogo, tii, tii, wa simu nyingine inayojaribu kuingia. Waisiko aliupuuza. Aliianza habari ya dereva kwa raha zake zote, akiamini kwamba anayechezewa ni yule wa upande wa pili.

Happy aliacha kucheka kwanza. Akashusha khanga.

"Dada," alinong'ona, "mbona huyu mtu hataki ukate?"

Tii, tii, tii. Waisiko alikata simu katikati ya sentensi.

Hapo hapo ikaita. Alikuwa Philomena, mwanamke mwenzake wa kikundi cha akina mama wa Sirari, ambako Waisiko ni katibu.

"Haloo? Kumbe simu inasikika?" alisema Philomena, sauti ya msiba. "Pole, mama. Pole sana. Ni mguu wa kushoto au wa kulia?"

"Mguu gani?"

"Uliovunjika. Umeandika kwenye kundi kwamba bodaboda imekuangusha Mugumu, uko hospitali, na simu imeharibika haitoi sauti. Watu wanachanga. Nimekupigia nikijua haitapokelewa, nimepiga tu kwa uchungu."

Waisiko aliitazama miguu yake miwili, mizima, chini ya meza ya Happy. Akamwambia Philomena asitume kitu, akakata, akafungua wasapu.

Wasapu haikumjua. Ilimtaka aandike namba yake kama mgeni anayejiunga siku hiyo.

Alikumbuka. Asubuhi, stendi ya Mugumu, akiwa anasubiri bodaboda na wapiga debe wakilitaja jina la mji, Daktari alimpigia. Alisema anamwandikisha awe mgeni wake kambini siku akija, na kwamba utaingia ujumbe wenye namba, amsomee. Ujumbe ukaingia kweli. Ulikuwa umeandikwa waziwazi kwamba namba hizi usimpe mtu yeyote. Waisiko aliusoma mpaka mwisho, akajiambia kwamba Daktari si mtu yeyote, akamsomea namba zote kwa sauti ya kubembeleza.

"Nimempa ufunguo wa nyumba," alisema. "Mimi mwenyewe. Nikamsomea tarakimu moja moja asije akakosea."

Hakuna aliyecheka sasa. Tomaso alisogeza sahani pembeni.

"Nani anaongoza hilo kundi?" aliuliza Happy.

"Wifi yangu."

"Yule uliyegombana naye?"

Waisiko aliitafuta namba yake. Alipiga.

"Nani?" ilisema sauti kavu ya Bernadetha.

"Ni mimi, wifi. Waisiko."

"Waisiko yuko hospitali na simu yake haitoi sauti. Wewe ni nani?"

"Hakuna ajali. Akaunti yangu imeibwa. Huyo anayeandika si mimi."

"Hivyo ndivyo matapeli wanavyosema."

"Bernadetha, sauti yangu huijui?"

"Siku hizi sauti zinaigwa. Wewe mwenyewe ulinifokea mwezi uliopita kwamba nina wivu na sijui mambo ya kisasa. Basi nimejifunza ya kisasa."

Waisiko alifumba macho. Asubuhi alikuwa anamwamini mtu asiyekuwepo, na sasa yeye aliyepo haaminiki.

"Niulize kitu," alisema. "Kitu tunachokijua mimi na wewe peke yetu."

Bernadetha alijipa nafasi ya kufikiri. Unaweza kudhani Bernadetha alikuwa anafurahia, na nadhani utakuwa hujakosea.

"Siku mama mkwe wangu alipokuja kutoka Kerende mara ya kwanza," alisema, "ni nini kilifukiwa nyuma ya jiko?"

"Wifi, kuna watu hapa."

"Basi wewe ni tapeli. Kwaheri."

"Ugali," alisema Waisiko haraka. "Ugali wako. Ulikuwa mbichi katikati na umeungua nje, ukakaa chini ukaanza kulia. Nikauzika na sufuria yake, nikasonga mwingine, tukasema ni wa kwako. Mpaka leo mama mkwe wako anausifu."

Happy aliziba mdomo.

"Na sufuria yake," alisema Bernadetha hatimaye, polepole. "Hukuniambia kwamba ulizika na sufuria. Niliitafuta sana." Akavuta pumzi. "Ni wewe. Tapeli angekuwa na huruma zaidi. Nifanye nini?"

"Nitoe kwenye kundi kwanza. Halafu wapigie wote, mmoja mmoja, kwa simu ya kawaida, wasitume."

"Kukutoa kundini, wifi, nimekungojea siku nyingi," alisema Bernadetha, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu Waisiko alimsikia akitabasamu.

Wakati huo Waisiko alianza kuirudisha akaunti. Akaandika namba yake, akasubiri. Ujumbe wenye namba ukaingia.

"Nisomee nikusaidie kuandika," alisema Tomaso kwa moyo mweupe.

Happy alimpiga kofi mkononi. "Na wewe usisomewe. Sura yako ndiyo iliyotufikisha hapa."

Waisiko aliifunika simu kwa upande wa khanga ya Happy, akaandika mwenyewe. Kioo kikafikiri. Kisha picha yake ikarudi, jina lake likarudi, na yule mwingine akawa ametupwa nje. Happy akamwonyesha mahali pa kuweka namba ya siri ya pili, ili hata mtu akizipata zile za ujumbe asiingie. Alipomaliza, watu walianza kumrudishia yote yaliyoandikwa kwa jina lake. Ajali. Mguu. Daktari anadai dawa kwanza. Ombi lilikuwa limepelekwa hadi kwa mchungaji wake, likiwa na mstari wa Zaburi, na ulikuwa umenukuliwa vizuri.

"Usifute," alisema Happy. "Hata moja. Tutakwenda nayo kituoni Mugumu."

Ugali ukaletwa upya, na Waisiko akala, akashangaa kuona ana njaa. Lile shati akampa Tomaso. Daktari alikuwa amejitangaza kuwa mrefu. Kwa Tomaso lilifika magotini. Happy alisema atalipunguza, na kitambaa kitakachobaki kitamtosha Lilian gauni.

Bernadetha akapiga.

"Wawili walikuwa wameshatuma," alisema. "Wengine nimewawahi. Mimi mwenyewe dole lilikuwa juu ya kitufe."

"Wewe? Wewe uliyetufundisha tuangalie jina la mpokeaji kabla ya kutuma?"

"Niliangalia. Sote tuliangalia, ndiyo sababu tuliamini." Sauti yake ilishuka. "Wifi, ile namba ya kutuma pesa uliyosema, yaani aliyosema, ni laini yako nyingine. Nilipoiandika jina lilitokea. Waisiko Nyangwine. Majina yako, herufi kwa herufi."

"Sina laini nyingine."

Tomaso, aliyekuwa ananyoosha shati mbele ya kioo kidogo cha ukutani, aligeuka. "Mama, piga nyota mia moja na sita, alama ya reli. Itakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako."

Akapiga. Majibu yakaja. Ya kwanza ilikuwa namba yake ya kazini. Ya pili ilikuwa hii anayoitumia. Ya tatu hakuijua, na ndiyo ile.

Alikaa akiitazama. Akakumbuka mwavuli wa rangi wa wakala wa laini pembeni mwa barabara, siku aliyopoteza simu akaenda kurudisha laini. Aliweka kidole kwenye kile kimashine. "Haijasoma, mama," aliambiwa. "Rudia." Akarudia. "Haijasoma vizuri. Tena." Akaweka tena, akiwa na haraka ya kurudi kazini, akashukuru na kuondoka, hajui kwamba kidole chake kimesajili laini mbili.

"Na kuna jingine," alisema Bernadetha. "Wale wawili waliotuma wana hasira. Wameshakwenda polisi. Walipoulizwa jina la tapeli, wametaja lililotokea kwenye simu."

"Jina langu."

"Jina lako. Usirudi Sirari kabla hujaripoti huko ulipo. Mimi nakwenda kituoni kukusemea, ila sijui kama wataniamini. Nikiwaeleza habari ya ugali wataniona mwendawazimu."

Simu ikakatika. Happy alikuwa tayari amevaa viatu.

"Twende Mugumu sasa hivi. Uonyeshe ujumbe, uonyeshe hiyo laini ifungwe. Na usiipigie hiyo namba, dada. Hawa watu wakijua umewagundua wataitupa."

"Sitaipigia," alisema Waisiko, na alimaanisha.

Happy alitoka kuita bodaboda. Tomaso aliingia ndani kuvua shati. Waisiko akabaki peke yake jikoni na simu yake, na zile tarakimu bado zinang'aa kwenye kioo. Mtu mmoja duniani alikuwa amebeba jina lake, kidole chake na mguu wake uliovunjika. Alitaka kusikia pumzi zake tu. Alijiambia kwamba hatasema neno.

Akabonyeza.

Iliita, ikaita. Alikuwa amejiandaa kwa ile sauti nzito, tamu, ya nuru ya macho. Aliyepokea alikuwa mwanamke, na nyuma yake malori yalikuwa yananguruma yakisogea foleni.

"Haloo," alisema mwanamke huyo, kwa utulivu wa mtu aliyekaa mezani kwake. "Ni Waisiko wa forodha anaongea. Nikusaidie aje?"